Shitaka la Mtani

Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na geti la Nurdin, muuza mabati na misumari wa mtaa wetu hapa Mbagala. Kwa hiyo nikisema nilicheka, sisimulii habari za kuambiwa. Nilicheka mara tatu, siku tatu tofauti, na mojawapo nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Naanza na hilo makusudi, maana siku hizi watu wa mtaa wakisimulia habari za Eufrazia kila mmoja anajifanya yeye alishtuka mapema. Waongo wakubwa. Tulikuwa tumeshika mbavu, wote.

Eufrazia ni Mngoni wa Songea, mjane, mfupi, mwenye sauti ambayo ingetosha kuita waumini bila kengele. Anauza supu ya utumbo. Kila alfajiri huenda machinjioni Vingunguti, na jua likianza kuchoma yuko uani kwake anaosha, anakatakata, anachemsha, huku akigombana na moto. Chumba alichopanga kimepakana na nyumba ya Nurdin. Ukuta mmoja tu unatenganisha jiko lake na chumba cha uani cha Nurdin, na ukuta ule una zile tofali za matundu za kupitisha hewa, kimo cha kifua cha mtu.

Nurdin ni Mngindo wa Liwale. Hapa inabidi nieleze kidogo kwa wasiotoka kusini, na mimi mwenyewe ni Mpare, ilibidi nifundishwe. Wangoni na Wangindo ni watani. Mababu walipigana vita, wajukuu wakaachiwa kazi ya kutukanana. Mtani anaweza kukwambia lolote, popote, mbele ya yeyote, na ukinuna unatozwa faini. Anaweza kuingia kwako akachukua kitu, akaondoka nacho mchana kweupe, na si mwizi. Wewe unamfuata na kikomboleo, mara nyingi kuku, mnacheka, yanaisha. Marehemu baba yake Nurdin alipofariki, Eufrazia alilala njiani mbele ya jeneza, akasema mzee haendi kokote mpaka amrudishie ng'ombe waliopotea enzi za Wajerumani. Wafiwa walicheka huku wanalia. Ndivyo inavyotakiwa.

Basi miaka kumi na moja wale wawili walitukanana kila siku isipokuwa Jumapili, Eufrazia anapokuwa kanisani. Akipita dukani kwa Nurdin hutangaza kwa wateja kwamba misumari ya pale inajikunja ikiona mbao. Nurdin humjibu kwamba supu yake imeua watu watatu na wa nne yuko njiani. Wateja walikuwa wakichelewesha manunuzi ili wasikilize. Mtaa mzima tulizoea, na hapo ndipo ubaya ulipopata pa kujificha.

Mwezi wa tatu mwaka huu, chapati za Eufrazia zilianza kupungua. Alikuwa anaweka sahani kwenye ukingo chini ya yale matundu ili zipoe, akigeuka, moja haipo. Alimlaani paka. Akamlaani mpangaji mwenzake. Asubuhi ya nne akajibanza pembeni na mwiko mkononi, akaona mkono unatoka tunduni. Mkono wa mzee, mkavu, kucha zimerefuka mpaka zimeanza kujikunja, unapapasa sahani taratibu kama mtu anayetafuta miwani. Akaudaka.

Sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta. "Niachie, Mngoni. Chapati yenyewe ngumu."

Alikuwa Bibi Hamida, mama mzazi wa Nurdin. Tulikuwa hatujamwona tangu kabla ya Ramadhani. Mimi nilidhani kaenda kwa binti yake Kilwa. Jirani yangu alidhani kaenda Liwale. Kumbe hakwenda popote, alikuwa hatua ishirini kutoka cherehani yangu, ndani ya chumba chenye kufuli nje.

Kufuli lilianza kwa nia njema, na nia njema ya watu wa namna hiyo inanichefua. Bibi alianza kusahau. Siku moja mwaka jana alitoka akakutwa kituo cha mabasi akiuliza gari la Liwale, miguu peku. Nurdin akaona bora afungiwe asije akapotea. Kulikuwa na dada wa kazi wa kukaa naye. Dada akaondoka mwezi wa pili. Mwanaasha, mke wa Nurdin, alikuwa anatoka asubuhi kwenda saluni yake, akiamini mumewe anamletea mama chakula kutoka mgahawa ulio jirani na duka, kwa sababu mumewe aliwahi kutamka, mama ni wangu nitamhudumia mwenyewe. Nurdin naye alikuwa anaenda dukani akiamini mkewe ameacha chakula ndani, kwa sababu ni mke, na mke si ndiye anayepika. Kuna siku walikumbuka wote wawili, Bibi akala mara mbili. Kuna siku hakukumbuka yeyote. Hakuna aliyekusudia. Wengine wanasema hilo linapunguza makosa. Mimi naona linayaongeza.

Eufrazia alimlisha kwa tundu. Kila asubuhi chapati iliyolowekwa kwenye supu, kipande kwa kipande, na Bibi Hamida akitafuna huku anamtukana, maana usahaulifu wake wote haukugusa utani. Alisahau jina la mwanawe, lakini hakusahau kwamba Wangoni hawajui kuosha utumbo. Lakini tundu halipitishi maji ya kuoga, wala halibadilishi godoro. Eufrazia alisikia harufu na akaona mkono unazidi kukonda. Akaamua kusema.

Alianza kwa Nurdin mwenyewe, kwa sababu alimchukulia kama ndugu. Akaenda dukani saa nne asubuhi, wateja wamejaa, akamwambia mama yako anakula kwangu kupitia ukutani, nyumbani kwako hapewi chakula, ana njaa, na analala kwenye mkojo.

Duka zima likaangua kicheko. Nurdin akagonga meza kwa furaha, akasema Wangoni bwana, jana walikula ng'ombe zetu, leo wanajifanya wanatulishia wazee. Akamfungulia soda. Eufrazia akabaki ameshika ile soda, akarudia maneno yaleyale polepole zaidi, na kwa kuwa aliyasema bila kutabasamu watu wakacheka zaidi. Mimi nilikuwepo, nimefuata misumari ya kutundikia nguo. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Akaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwishehe, ni Mzaramo mkarimu, mtu wa kahawa na bao, asiyependa kesi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi ya kicheko, akachukua simu akampigia Nurdin, akaweka sauti ya juu ili wafurahi wote watatu. Nurdin akasema, mwenyekiti, huyo mwanamke utampeleka wapi. Wakacheka pamoja. Kisha Mzee Mwishehe akamshauri Eufrazia kwa upole kwamba utani ni jambo zuri, unajenga umoja, lakini usipitie serikalini, serikali ina shughuli nyingi. Hata hivyo, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, aliandika kwenye daftari la mtaa. Nililiona baadaye kwa macho yangu. Tarehe, jina la Eufrazia, na maneno: "Alifika ofisini kuchangamsha."

Akajaribu kundi la mtaa la WhatsApp. Alirekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Aliusema bila tusi hata moja, kwa Kiswahili cha redioni, akataja hata sheria ambayo aliisikia kwenye kipindi. Tukajaza vile vikaragosi vinavyolia kwa kucheka mpaka skrini ikawa ya njano. Mmoja akaandika kwamba huyu mama anafaa kuwa na kipindi chake. Mimi nilituma vikaragosi vitatu. Mara ya pili hiyo.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakwenda polisi siku ileile. Akasema, "Fundi, mwenyekiti kacheka. Mwenye mama kacheka. Wewe umecheka. Ningefika kule ningewakuta malaika?"

Sasa nifike kwenye shughuli, maana hapo ndipo mimi nilipopoteza haki ya kumlaumu mtu.

Mwezi wa tano Nurdin aliamua kumfanyia mama yake shughuli ya kumtunza. Hapa Dar shughuli hiyo ni jambo kubwa: turubai, viti vya kukodi, mziki, keki ya ghorofa tatu yenye maandishi "Mama Dhahabu Yangu," mshereheshaji mwenye koti linalometa, na ndugu wote kwenye sare ya kitenge. Ile sare nilishona mimi, nguo ishirini na sita. Gauni la Bibi Hamida nilishona kwa kipimo nilichokuwa nacho kwenye daftari tangu sikukuu ya Idi ya miaka miwili nyuma. Kifua inchi thelathini na nane.

Mchana wa Jumapili ya shughuli wakaniita nimvalishe. Walikuwa wamemwogesha, wamempaka mafuta na hina, wamemkata kucha. Nikamvika gauni, likateleza likaanguka mpaka miguuni. Nikaliokota. Nikazungusha futi, nikasoma, nikadhani nimeishika vibaya, nikazungusha tena. Inchi ishirini na saba. Mimi nimepima watu miaka thelathini, najua mtu akizeeka anapungua kiasi gani. Nilipomgeuza niliona kidonda nyongani, kimefunikwa na poda. Nikamwambia Mwanaasha, Bibi kapungua. Akasema, uzee huo, fundi. Nikasema ndiyo, uzee. Nikabana gauni mgongoni kwa pini kumi na moja ili kwa mbele lionekane limekaa, nikaenda kutafuta kiti karibu na chakula.

Katikati ya shughuli mshereheshaji akamwita mtani. Shughuli ya Mngindo bila Mngoni haijakamilika. Eufrazia akapanda pale mbele na gauni lake la kanisani, akapokea kipaza sauti. Akasema jina lake. Akasema huyu mama anafungiwa kwa kufuli. Akasema anakaa siku nzima bila chakula na wakati mwingine siku mbili, na kwamba hivi sasa anavyokula keki kwa mikono miwili si furaha, ni njaa, mwangalieni jamani. Tukamwangalia Bibi Hamida, na kweli alikuwa anakula keki kwa mikono miwili, sukari mpaka kwenye nyusi, na turubai zima likapasuka kwa kicheko. Watu walipanda kumtuza Eufrazia, wakambandika noti kwenye paji la uso. Akaanza kulia. Noti zikaganda kwa machozi. Mshereheshaji akapiga magoti, akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kuona mtani anayeigiza kulia namna hii. Nurdin alimkumbatia mbele ya kamera.

Hapo ndipo nilipocheka mpaka machozi. Na pini zile nilizibana mimi kwa mkono wangu, saa tatu kabla.

Jumapili ikaisha, turubai likafunguliwa, Bibi akarudishwa chumbani na kufuli likarudi mahali pake. Jumatatu mkono ulitoka tunduni. Jumanne ulitoka, ukaishika chapati, ukaiangusha. Jumatano haukutoka. Eufrazia aliita, akatukana kila tusi la Kingoni analolijua, na anayajua mengi, akakaa kimya akisubiri la kurudishiwa. Kwa ndani alisikia pumzi tu.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuja kibarazani kwangu akisukuma mkokoteni wake wa kubebea masufuria. Alikuwa ameusafisha na kutandika kanga mbili. Akasema, fundi, simama, unisaidie kusukuma. Nikauliza tunabeba nini. Akasema ameshitaki kwa mdomo mara nne na watu wamecheka mara nne, basi leo anakwenda kuchukua.

Nilielewa polepole, mimi si mwepesi. Mtani ana haki ya kuingia na kuchukua. Anaweza kuchukua kuku, jamvi, sufuria. Hakuna aliyewahi kusema hawezi kuchukua mtu.

Mwanaasha alikuwa uani anasuka nywele za mteja kabla ya kwenda saluni. Eufrazia akatangaza kwa sauti yake yote kwamba Wangoni wameingia, wamekuja kuteka, wanamtaka mateka wao Hamida binti wa Liwale. Mwanaasha akacheka mpaka akaacha kusuka. Akatoa simu arekodi. Ufunguo alimtupia mwenyewe. Nawaapia, alimtupia ufunguo kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukipiga video.

Tukafungua mlango. Mwanaasha akasogea na simu yake, kisha akaziba pua kwa kanga, akarudi nyuma, lakini aliendelea kurekodi na aliendelea kucheka, kicheko kikazidi kuwa chembamba. Ndani kulikuwa na godoro lisilo na shuka, ndoo iliyojaa, na sahani yenye ugali uliokauka mpaka umepasuka. Bibi Hamida alikuwa bado kavaa gauni langu la kitenge. Hakuna aliyemvua tangu Jumapili. Pini zilikuwa palepale mgongoni, mbili zimemchoma. Nilianza kuzichomoa huku nazihesabu, mpaka Eufrazia akanisukuma akamalizia yeye.

Tulimbeba wawili, lakini mmoja angetosha.

Barabarani ikawa sherehe nyingine. Watu walidhani ni mwendelezo wa shughuli. Wauza matunda walipiga vigelegele. Wanawake watatu walitufuata wakiimba nyimbo za harusi. Mzee Mwishehe alitoka ofisini, akatuona, akasimama katikati ya njia akazuia bodaboda ili msafara upite, akampungia Bibi mkono. Eufrazia hakuwasimamisha wala hakuwaeleza, kwa sababu kufikia hapo alishajua kwamba kicheko chao ndicho kinachotufungulia njia. Alisukuma tu, ameuma meno, na mara mojamoja akainama kumsikiliza Bibi kama bado anapumua. Hakuna aliyetuuliza tunaelekea wapi mpaka tulipokunja kona ya kituo cha polisi.

Wale waimbaji waliacha wimbo pale getini, mmoja baada ya mwingine.

Kwenye dawati alikuwepo Sajini Sekela, mwanamke mtulivu wa Mbeya, miwani kwenye ncha ya pua. Akaanza kujaza maelezo. Jina la mleta taarifa, akaandika. Makazi, akaandika. Uhusiano na mwathirika. Eufrazia akasema, mtani. Kalamu ikasimama. Niliona kabisa tabasamu linaanza kwenye pembe ya mdomo wa yule sajini, kwa sababu watu wa Mbeya nao wana watani wao, na anajua. Eufrazia naye aliliona. Nadhani ndiyo mara pekee nilipomwona amekata tamaa. Alifumba macho, akanigeukia.

"Sema wewe, fundi. Wewe si mtani wa mtu hapa."

Nikasema. Sikuwa na maneno mazuri. Nilitaja inchi thelathini na nane na inchi ishirini na saba, na tarehe zake. Nilitaja kidonda cha nyongani na poda. Nilisema niliona Jumapili na nikabana pini. Nilisema nilicheka. Sajini Sekela aliinuka, akatoka nje kwenye mkokoteni, akafunua kanga, akaifunika. Aliporudi hakuwa na tabasamu. Akaagiza gari la kwenda hospitali, akamwagiza askari alete uji, Bibi akalazwa kwenye benchi pale ndani na Eufrazia akaanza kumnywesha kwa kijiko.

Gari halijafika, Nurdin akafika.

Alikuja na Mwanaasha, na nusu ya mtaa nyuma yao. Alikuwa amevaa shati safi, anacheka, na kwapani amebeba jogoo wa kuchi, wale wa mapigano, mkubwa, shingo ndefu inayong'aa, macho makali, mapaja kama ya mcheza mpira. Alikuja kukomboa. Alisimama mbele ya kaunta akasema kwa sauti ya shughuli kwamba Wangoni wameshinda leo, anakubali, kikomboleo hiki hapa, jogoo bora kuliko wote bandani, mateka arudishwe. Watu nyuma wakapiga makofi. Mzee Mwishehe alisema, afande, hawa ni watani, yaishe hapahapa.

Sajini Sekela alimtazama jogoo, akamgusa kifua kwa ncha ya kalamu.

"Huyu anakula nini?"

Nurdin akafurahi kuulizwa, kuchi ndio ugonjwa wake. Akaeleza kwamba anampa mtama asubuhi saa kumi na mbili, kabla yeye mwenyewe hajanywa chai. Saa saba mchana anapewa dagaa waliosagwa, anamfuata nyumbani kutoka dukani kumpa kwa mkono, kwa sababu huyu hapokei kwa mtu mwingine. Jioni mahindi na nyanya kidogo kwa ajili ya damu. Maji hubadilishwa mara mbili, banda lina taa, na kila Ijumaa anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Alieleza yote hayo mama yake akiwa kwenye benchi hatua tatu kutoka kwake, uji unamtiririka kidevuni.

"Na mama yako," Sajini Sekela akauliza, kwa sauti ileile, "jana alikula nini?"

Nurdin akamgeukia Mwanaasha. Mwanaasha alikuwa anamtazama yeye, anasubiri jibu lilelile. Walitazamana hivyo mume na mke, na mimi niliwaona wanaelewa, palepale, mbele yetu. Hakuna aliyecheka. Mtaa mzima tulisimama kwenye kituo cha polisi tukimsikiliza jogoo.

Ndipo Nurdin akafanya jambo ambalo mtu asiyejua utani hawezi kuelewa uzito wake. Alimsogezea Eufrazia yule jogoo kwa mikono miwili. Akasema, pokea, mtani. Akasema tena, pokea basi. Alikuwa anaomba. Kwa sababu Eufrazia akipokea, basi yote yaliyotokea ni utani: kufuli ni utani, godoro ni utani, na hakuna polisi duniani wa kuingilia watani waliokwisha kukomboleana. Nyuma watu wakaanza kunong'ona, pokea mama, yaishe, ni jirani yako huyo. Wote walikuwa wateja wa supu yake.

Eufrazia aliweka kijiko kwenye bakuli. Alijipangusa mikono kwenye kanga, akasimama, na akaongea kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Kaka Nurdin, samahani. Mie sipokei."

Miaka kumi na moja hakuwahi kumwita kaka. Nurdin alimwangusha jogoo. Sajini Sekela akageuza ukurasa mpya, na kwenye nafasi ya uhusiano akaandika neno "jirani," kisha akamwambia Nurdin akae.

Bibi Hamida alilazwa wiki tano. Daktari alisema siku mbili zaidi tusingemkuta. Sasa yuko Kilwa kwa binti yake, afisa ustawi wa jamii anapiga simu kila mwezi, na kwenye simu Bibi humsimulia habari za Wangoni. Kesi bado inaendelea. Mwanaasha aliitoa video yake kama ushahidi, bila kujua inamshitaki nani, na imechezwa mahakamani mara mbili, kicheko chake kikisikika mwanzo hadi mwisho.

Eufrazia bado anauza supu, na wateja bado wapo, maana utumbo wake ni mzuri na njaa haina kinyongo. Lakini hakuna Mngindo anayemtukana tena mtaani hapa. Wanampisha njia. Wanamuita mama. Nurdin, aliye nje kwa dhamana, hupita pale kila asubuhi akienda dukani, na ingawa anamzidi Eufrazia miaka sita, huinamisha kichwa na kumwambia shikamoo. Eufrazia hujibu marahaba, na huendelea kuchota supu mpaka awe ameshapita.